Moja Tisa Tisa Tisa Tatu Tatu

Mwalimu wetu wa hesabu hakuwa mtu wa kupendwa, na mimi sitamgeuza malaika leo kwa sababu tu amekufa. Alikuwa na mdomo. Alikuwa na fimbo ya mkahawa aliyoikata mwenyewe, nyembamba, inayolia hewani kabla haijakufikia. Na alikuwa jirani yetu, kihamba chake, shamba la ukoo, kimepakana na chetu, katikati mstari wa masale, mimea ya kuwekea mpaka, na mfereji wa maji. Kwa ajili ya huo mfereji yeye na mama yangu waliwahi kununiana masika mawili mazima, wanapishana njia ya kanisani kila mmoja anatazama upande wake. Lakini nikiulizwa nani alinifundisha kitu ambacho hakijanitoka kichwani mpaka leo nauza vitenge mjini Moshi, nitamtaja yeye tu. Alikuwa na jambo moja alilolitaka sana katika maisha yake, na hakulipata.

Huku kwetu mlimani, juu ya Himo, mwanamke akishazaa jina lake linakwisha. Anaitwa Mama Fulani mpaka anaingia kaburini. Mwalimu hakuzaa. Kwa hiyo watu wazima walimwita Mwalimu, hata mumewe, hata padri, hata mama mkwe wake ambaye hakujua kusoma. Sisi watoto tulikuwa na jina lingine la kumwita nyuma ya madarasa, na jina hilo alituletea mwenyewe ubaoni.

Tulikuwa darasa la tano. Miaka ile maduka ya Himo ndiyo kwanza yameanza kuwa na sabuni tena, na shuleni chaki ilikuwa ya kugawana vipande. Yeye hakupoteza chaki. Aliandika maneno mawili, NAMBA TASA, akageuka kututazama. Halafu nyuma kabisa mtu akacheka kwa pua. Nani asiyejua tasa ni nini? Tasa ni ng'ombe asiyeshika mimba, anayenenepeshwa auzwe. Tasa ni mwanamke anayesengenywa mferejini akishapita na ndoo yake. Na aliyeandika neno hilo alikuwa yeye.

Tukangoja fimbo. Hakuishika.

"Aliyecheka simchapi," akasema. "Amecheka kwa sababu neno lenyewe ni la kijinga. Aliyelichagua alikuwa na haraka. Nisikilizeni niwaambie amekosea wapi."

Akaandika sita. Akauliza sita imezaliwa na nani. Tukamkodolea macho. "Mbili na tatu," akajijibu. "Mbili mara tatu. Hivyo ndivyo vigawo vyake, ndio wazazi. Kumi na tano wazazi wake nani?" Tatu na tano, tukaitikia. "Saba je?" Hapo tukahangaika. Saba haikuwa na mtu, ila moja na yenyewe. "Basi saba haina wazazi. Watoto je, haina? Kumi na nne ya nani? Ishirini na moja ya nani? Sabini? Hivyo ni vigawe vyake, havina mwisho, utahesabu mpaka ufe. Tena hakuna namba duniani, kuanzia mbili, ambayo ukifuata ukoo wake hufiki kwenye hizi. Sasa namba iliyozaa wenzake wote, nyinyi mnaiitaje tasa? Haina wazazi. Wangeiita namba yatima ningewaelewa."

Akasogeza kitambaa cha kichwani. "Kwenye mtihani lakini mwandike tasa. Msije mkaniletea yatima huko."

Vigawo, vigawe. Herufi moja tu inayatenganisha maneno hayo, na nusu ya darasa tuliyachanganya mpaka tunamaliza la saba. Kwa kosa hilo alichapa bila huruma. Mengine aliyasamehe, hata utoro wa msimu wa kuchuma kahawa, lakini mtoto aliyesema kigawe mahali pa kigawo alilala kifudifudi wiki hiyo. Na pamoja na maelezo yote yale mazuri, jina lilimganda. "Tasa anakuja!" tulisema, tukakimbilia madawati. Watoto ni watu wabaya sana.

Namba yake aliileta baadaye, muhula huohuo. Aliiandika juu kabisa pembeni ya ubao, akatuonya atakayeifuta atajuta: 199933. Laki moja, elfu tisini na tisa, mia tisa thelathini na tatu. Sisi tuliisoma kwa mdundo, moja tisa tisa tisa tatu tatu, wasichana wakaifanya wimbo wa kuruka kamba. Akaita watu sita wasimame mbele wawe tarakimu. Mimi nilikuwa tisa ya katikati. Aliyekuwa moja ni mtoto wa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijana mwerevu mwenye maneno mengi. Akatuambia tushikane mabega. Halafu akamwambia moja atoke mbele akasimame mwisho.

"Sasa someni."

Laki tisa, elfu tisini na tisa, mia tatu thelathini na moja. "Nayo ni tasa," akasema. Wa mbele akaenda nyuma tena, ikawa namba nyingine, nayo ni tasa. Tukazunguka hivyo mpaka yule kijana akarudi mbele alipoanzia, na kila tulivyosimama tulikuwa tasa. Darasa likacheka, na yeye akacheka. Mwalimu kucheka ilikuwa habari ya kupeleka nyumbani.

Hakutaka tumwamini. "Jibu lisilo na njia ni umbea," ndivyo alivyosema siku zote. Kwa mbili haigawanyiki, kwa sababu hakuna tarakimu shufwa hata moja. Yeyote atakayesimama mwisho ni witiri. Kwa tano vilevile, hakuna tano wala sifuri. Kwa tatu unajumlisha tarakimu, unapata thelathini na nne, na tatu haiingii humo. Mkibadilishana nafasi jumla ni ileile. Zilizobaki akazigawa kwa madawati. Dawati letu lilipewa saba, tukabaki na sita. Dawati la nyuma yetu walipewa kumi na tatu, nao wakabaki na sita. Akatuita wezi, tumenakiliana. Akapiga mwenyewe ubaoni mara mbili, akakuta kweli, sita na sita. Hakuomba radhi, ila siku hiyo alitupa ndizi mbivu tuliposindikizana nyumbani.

Mtu akamuuliza tutagawanya mpaka lini. Akasema vigawo vinatembea viwili viwili, kidogo na kikubwa. Ukikitafuta kidogo ukakikosa, kikubwa nacho hakipo, rudi nyumbani. Kwa namba ile hakuna haja ya kupita mia nne arobaini na saba, kwa sababu mia nne arobaini na nane mara yenyewe imeshaipita. Ukifika hapo bila kukuta kitu, kazi imekwisha. Nilipenda sana hilo. Mimi hesabu sikuzipenda, nasema ukweli, lakini kujua kwamba kutafuta kuna mwisho nililipenda.

Namba yenyewe mkufunzi wa chuo cha ualimu aliwapa Mwalimu na wenzake kama kichekesho, akawaambia kubwa zaidi ya tabia hiyo haijaonekana, ukitoa zile zinazoandikwa kwa tarakimu za moja tupu, kama 11, ambazo ukizizungusha hata hazijui zimezungushwa. Wenzake wakacheka wakaenda kulala. Yeye alirudi nyumbani likizo, mvua ya masika inapiga, akazigawanya zote sita kwa mkono mpaka akaridhika. "Tasa nyingi ukizigeuza zinavunjika," aliniambia baadaye, nimeshakuwa mtu mzima. "Kumi na tisa ni tasa. Igeuze, ni tisini na moja, saba mara kumi na tatu, basi. Hii ipeleke mbele, irudishe nyuma, haikubali."

Msidhani aliishi kama alivyofundisha. Mwanamke yuleyule aliyetuambia neno tasa ni la kijinga alikuwa anapanda gari kwenda Kahe kwa mtu wa mitishamba, anarudi na chupa za dawa chungu ndani ya kikapu, juu amefunika majani ya mgomba. Mama aliziona. Alikunywa mizizi hiyo miaka na miaka, na bado kila Jumamosi alikuwa mbele ya sanamu ya Bikira na mshumaa. Na mwalimu wa hesabu huyu hakuhesabu watu! Daftari la mahudhurio aliita majina, lakini kunyoosha kidole kusema mmoja wawili watatu, hathubutu, hata kuku wake hakuwahesabu. Nilimuuliza. Akaniambia, "Vinavyopungua usivihesabu," akaendelea kumenya ndizi. Nilikuwa sijui kwamba alishaharibikiwa na mimba zaidi ya moja. Mama alinieleza wakati wa tanga.

Tanga la mumewe, yaani. Mume alikuwa mpimaji wa kahawa kwenye ghala la ushirika, mtu mpole, anaongea kama anaomba ruhusa. Wanunuzi binafsi walipoingia, na bei ikaanguka, ghala likafungwa na yeye akarudi nyumbani kukaa. Majirani waling'oa mikahawa wakapanda nyanya na maharage. Yeye alikataa kung'oa. Alikataa na jambo la pili, ambalo mdogo wake alimletea kila mwaka: achukue mwanamke mwingine, hata kimyakimya huko Himo, apate mtoto wa kiume. "Mke ninaye," ndilo lilikuwa jibu lake, kila mwaka maneno hayohayo mawili. Halafu akaugua kifua, akafa.

Wakamzika ndani ya kihamba, upande wa chini, katikati ya migomba, kama ukoo wetu wote tunavyozikwa. Mgeni huenda asielewe. Kihamba ni zaidi ya shamba. Ni ndizi na kahawa na nyumba, lakini ni wafu pia. Mchaga akifia Dar, akifia Mwanza, watu watachanga mpaka maiti ifike mlimani. Kuzikwa makaburi ya mjini ni kusema huna kwenu. Siku ya mazishi Mwalimu alisimama pembeni ya kaburi, akawaonyesha wajenzi upande wa kulia, mbele ya watu wote. "Hapa ni pangu," akasema. "Msipande kitu."

Tanga lilipoanuliwa, ukoo ukakaa. Mimi nilikuwepo kama jirani, kata mkononi, nawamiminia wazee mbege, pombe yetu ya ndizi. Mzungumzaji wao hakuwa shemeji mtu. Walimtanguliza mwanawe, yule kijana aliyekuwa moja. Wakati huo alikuwa mfanyabiashara, anapeleka nyanya mpakani, ana koti zuri la mtumba na maneno yale yale.

"Shikamoo Mwalimu," akaanza, kwa adabu zote. "Sisi hatukufukuzi. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Namba tasa haina vigawe. Kihamba kinataka watoto. Wewe utamgawia nani?"

Wazee wakaguna, mmoja akacheka. Ee Ruwa, Mungu wetu, nilitamani ile mbege nimmwagie usoni! Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani.

"Vigawo," akasema.

"Nini?"

"Haina vigawo. Vigawe inavyo, havina mwisho. Nilikuchapa kwa kosa hilo darasa la tano, na bado unalo."

Kijana akatahayari, nilimwona shingo inabadilika. Ila alikuwa na baba, na baba alikuwa na fimbo ya mzee mkononi. "Mwalimu," shemeji akasema, "hapa si shuleni. Haya, hao watoto wasio na mwisho wako wapi? Waite waje wasimame hapa tuwaone."

Uani tulijaa wanafunzi wake. Aliyekuwa anapasua kuni, aliyekuwa anakatia ng'ombe majani, mimi na kata yangu, hata katekista. Hakuna aliyekuwa wa ukoo ule, na kikao ni cha ukoo. Alitutazama, kisha akaacha kututazama. Ubaoni alikuwa na haki tupu, na mpaka leo anayo. Haikumsaidia kitu.

Akasema, "Nyumba chukueni. Kahawa chukueni, nyanya pandeni. Mimi naomba pale kulia kwa mume wangu nilipoonyesha. Hapo tu."

"Hilo halina shida, Mwalimu," shemeji akajibu. "Hilo tutaliangalia."

Tutaliangalia! Nimefanya biashara miaka mingi, nimezunguka ofisi nyingi, najua neno hilo linatumika kwa watu gani.

Padri alimshauri aende mahakamani, akamwambia siku hizi wajane wanasikilizwa. Alikataa. Nilikuwa nimempelekea kiburu cha ndizi na maharage, akakisogeza pembeni bila kukigusa. "Nitashinda kesi," akaniambia, "halafu nani atanizika?" Kwa miezi michache walimwacha na chumba kimoja, mpaka yule kijana alipooa. Ndipo akafungasha akashuka mjini. Shuleni alishastaafu.

Alipanga chumba Pasua, kwa mama mmoja wa Kiislamu muuza vitumbua, mwanamke mwema kupita kiasi, aliyemletea uji asubuhi bila kuulizwa. Barazani akaweka ubao na mabenchi, akafundisha twisheni. Nilikuwa nampitia nikifunga duka, namkuta na watoto wa wauza nyanya na mafundi baiskeli, wamesimama sita wameshikana mabega, wanazunguka. Huko Pasua walimwita Bibi. Mwanzoni nilifikiri amefurahi, na labda alifurahi. Fimbo hakuwa nayo tena. Lakini siku moja mama mwenye nyumba alimwambia kwa wema wake, "Bibi, wewe ni wetu sasa, hata Mungu akikuchukua tutakustiri hapahapa." Mwalimu akashukuru. Nilipokuwa natoka akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. "Sitaki kulala na watu nisiowajua," akasema. "Uwaambie. Kulia kwake, nilipoonyesha." Tangu siku hiyo kila nilipokwenda aliniuliza kama nimewaambia, na kila nilipopanda mlimani niliwaambia, na waliniambia wataliangalia.

Miguu ikaanza kumvimba. Pumzi ikawa fupi, akifika ubaoni anashika ukuta. Twisheni akaiacha. Desemba hiyo, sisi wote tumepanda nyumbani kwa Krismasi kama kawaida, shemeji yake akaanguka ghafla akafa. Nikaenda mazishini. Nilipofika wachimbaji walikuwa tayari wamezama mpaka mabegani, na walikuwa wanachimba kulia.

Nilimvuta yule kijana pembeni. Sikumsalimia hata. "Hapo ni pa Mwalimu," nikamwambia. "Mnajua."

"Dada, mzee alisema alale karibu na kaka yake." Alikuwa na macho mekundu, baba yake amekufa, siwezi kusema alikuwa anafurahi. "Halafu Mwalimu bado anaishi. Mtu aliye hai hawekewi nafasi."

"Na kushoto?"

Akageuza kichwa upande huo. Kushoto kwa kaburi la mume wa Mwalimu, kijana alikuwa ameshajenga msingi wa nyumba ya tofali, nondo zimesimama juu, saruji imekauka. Nililia pale, na watu wakadhani namlilia shemeji.

Nilishuka baada ya Krismasi, nikaenda Pasua moja kwa moja, hata mzigo sijautua dukani. Mama mwenye nyumba alinipokea mlangoni, akatikisa kichwa kuniambia hali si nzuri. Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito kitandani. Uso ulikuwa umebaki mifupa, macho ni yale yale.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umetoka kumzika shemeji yangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wamemlaza wapi?"

Nikatazama chini. "Kulia," nikasema.

Hakulia. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Nilikuwa na hasira mpaka meno yanauma, hasira ya mtu ambaye hana wa kumpiga. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira, na mama mwenye nyumba akawafukuza. Nikafikiri Mwalimu amesinzia.

"Kushoto kwake je?" akauliza. "Kuko wazi?"

"Kuko wazi, Mwalimu."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna. Migomba tu."

Akafumba macho. Mkono wake ukanitafuta juu ya shuka mpaka ukanipata.

"Migomba watakata," akasema.

Nikamwambia ndiyo, watakata.